Zamu Yangu

Elfu nane na mia tatu. Nimezihesabu mara mbili
chooni, mlango nimeufunga kwa komeo.
Duka lina ubaridi wa friji. Westlands, ghorofa ya pili,
masanduku yamepangwa kama meno ya tangazo.

La kwanza: Maajabu Hamsini.
Juu yake mtoto mwenye koti jeupe
anashangilia moshi wa kijani.
Nageuza nyuma. Siki, magadi ya kijiko kimoja,
rangi ya chakula, puto.
Elfu tano na mia tisa.
Siki ninayo. Magadi yapo chini ya sinki,
nalainishia maharagwe.
Nisichonacho ni ule mshangao,
na humu haumo. Nimelitikisa.

La pili lina waya na vitaa,
kila waya na tundu lake, rangi kwa rangi,
huwezi kukosea hata ukitaka.
Nikamwaza Maghanga, miaka saba,
aliyekaa jioni nzima na tochi
akiigeuza betri kinyume, kisha kinyume tena,
akitaka kujua taa inakasirishwa na nini.
Sanduku hili litamjibu kabla hajauliza.
Nikalirudisha.

"Watoto wanasoma wapi, mama?"
Muuzaji, kijana mpole, beji imeandikwa Lemayian.
"Nyumbani."
"Wamefunga shule?"
"La. Nyumbani ndiyo shule."
Akatabasamu kama mtu aliyetajiwa
ugonjwa asiowahi kuusikia.

Kisha nikainua macho. Rafu ya juu:
hadubini. Elfu thelathini na moja.
"Naweza kuishika?"

Yetu ilikaa kabatini, Wundanyi, kidato cha pili,
imevikwa kitambaa cha kitenge,
ufunguo mfukoni mwa mkuu wa shule.
Mwalimu Mwachofi aliichora ubaoni,
nasi tukaichora kutoka ubaoni:
mrija, jukwaa, kioo, lenzi ya jicho.
Nilipata kumi kwa kumi.
Miaka minne sikuitia jicho hata mara moja.
Ilitunzwa isiharibike,
na kweli haikuharibika.
Tulimaliza shule, tukaiacha nzima.

Hapo, mkono juu ya chuma baridi,
nikajua ninamnunulia nani.
Niliona haya kidogo. Nikaishusha, nikatoka.

Luthuli, kwa Njuki, vitu huuzwa kwa kilo na kwa kelele.
Sumaku tatu zilizong'olewa kwenye spika zilizokufa,
balbu kumi za tochi,
waya wa shaba, pima moja kwa mkono wake,
nami nikamwomba apime kwa mkono wa ndugu yake mrefu.
Akacheka. Akapima.
Elfu moja mia moja na hamsini, pamoja na betri.

Na nyuma ya makufuli na mizani, chini ya turubai,
hadubini ya mtumba.
Mguu umeungwa kwa gundi, lenzi moja ina mkwaruzo.
"Elfu saba."
"Sita."
"Mama, hii imefundisha madaktari."
"Basi imechoka. Sita."

Nyumbani, Umoja, mezani, sahani hazijaoshwa.
Maghanga ameunguza balbu mbili.
Ya tatu iliwaka nyeupe, ikazima,
naye akaandika daftarini kwa herufi kubwa:
IMEKUFA KWA BETRI NNE.
Sikumsahihisha. Kulikuwa na nini cha kusahihisha?

Mghoi ametia tone la maji ya pipa,
yale tuliyoyakinga Jumanne kabla mfereji haujakauka.
Haongei. Mdomo wazi.
Nikasogea, nikasogea tena.
"Mama, subiri zamu yako."

Nikasubiri.
Miaka ishirini na mitatu, na dakika kumi na moja.

Nikainama. Vijiti vyeusi, virefu,
vinayumba kama matete mtoni!
Nikapiga kelele: "Nimewaona! Wana miguu!"
Mghoi akachungulia, akanitazama,
akavumilia kama mwalimu mwema.
"Hizo ni kope zako, mama.
Usifinye jicho."

Macho hayana pazia, watu husema.
Yangu yalikuwa nalo.
Nikalifungua, nikainama tena,
na Maghanga nyuma yangu tayari anauliza
kama zamu yangu imekwisha.